Kompyuta ya kurekodia nyumbani, na kadi tatu za sauti za kuipa mdomo na masikio

Anayeunda kompyuta ya kurekodia muziki hukosea mapema: huanza na prosesa kubwa kuliko zote anazoweza kuzimudu, kisha chenji inayobaki ndiyo inunue kadi ya sauti (kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti), maiki na waya. Geuza mpango huo. Kurekodi si kazi ya nguvu, ni kazi ya kuwahi. Kila baada ya milisekunde chache prosesa huletewa fungu la sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, nayo lazima ilirudishe likiwa limeshapikwa kabla fungu linalofuata halijabisha hodi. Ikichelewa mara moja tu, unasikia "tak!" katikati ya sauti ya mwimbaji, na kama tak hiyo imeingia kwenye rekodi, hakuna plagini (programu ndogo ya kusindika sauti) itakayoifuta ikaisha kabisa.

Fungu hilo ndilo bafa, na hesabu yake ni nyepesi. Ukirekodi kwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 64 ni milisekunde 1.33, ya 128 ni 2.67, ya 256 ni 5.33, ya 512 ni 10.67. Hapo ni upande mmoja. Sauti huingia kwa bafa moja na kutoka kwa nyingine, na katikati vigeuzi vya kadi (vinavyogeuza sauti kuwa tarakimu na kuirudisha) na akiba ya draiva ya USB (programu inayoifanya kompyuta iongee na kadi) huongeza chao, kwa hiyo bafa ya 128 mara nyingi huzaa safari nzima ya milisekunde 7 hadi 10. Si nyingi: sauti hewani hutembea karibu sentimita 34 kwa milisekunde, hivyo milisekunde 8 ni sawa na kusimama chini ya mita 3 kutoka kwenye ampu ya gitaa. Mpiga gitaa huvumilia bila kujua. Mwimbaji mwenye hedifoni ni habari nyingine, maana sauti yake humfikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, na ile inayokuja imechelewa hugongana nayo ikampa mlio mwembamba kama anaimbia ndani ya bomba. Akikuambia "sauti yangu haipo sawa", usiguse EQ (kirekebisho cha milio ya juu na ya chini). Angalia bafa kwanza.

Sasa prosesa. Plagini zilizopangwa kwenye traki moja hufuatana: kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo) haiwezi kuanza kabla EQ iliyo mbele yake haijamaliza. Mnyororo huo wote hukaa kwenye kiini kimoja cha prosesa. Ndiyo maana prosesa yenye viini 6 vya kasi hurekodi vizuri kuliko yenye viini 16 vya polepole, na ndiyo maana programu inaweza kulia "nimezidiwa" huku kipimo cha Windows kikionyesha asilimia 35 tu. Kiini kimoja kimejaa, vingine vinapiga soga.

Kwa kazi hii AMD Ryzen 5 7600 inatosha watu wengi mno: viini 6, kasi hadi 5.1 GHz, wati 65, na ina picha zake za ndani, kwa hiyo huhitaji kadi ya picha. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kadi ya picha ni feni zaidi, ni koili zinazopiga mluzi, na ni draiva kubwa ambayo ina tabia ya kuishikilia prosesa kwa sehemu ya milisekunde pasipo kuomba ruhusa. Epuka modeli ya 7500F katika familia hiyo hiyo. Haina picha za ndani, na pesa ulizookoa zitaishia kwenye kadi usiyoihitaji. Anayeandika muziki wa okestra kwa maktaba nzito za ala apande hadi Ryzen 7 7700, viini 8 kwa wati zile zile 65.

Upande wa Intel, prosesa nyingi za kizazi cha 13 na 14 zina viini vya aina mbili, vikubwa na vidogo. Windows 11 huvigawia kazi vizuri kuliko Windows 10, na programu za kurekodi za zamani huweza kutupa mnyororo mzito kwenye kiini kidogo. Ukichagua modeli zake kubwa za mezani za vizazi hivyo, sasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) kabla ya kufanya lolote; mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho ya volteji kwa sababu baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zinaharibika polepole na kuanguka bila sababu inayoonekana. Iliyotumika, ambayo hujui ilikimbizwa vipi, iache.

RAM: gigabaiti 32 katika vipande viwili vya 16. Si vinne. Kwenye ubao mama wa AM5, ule wa Ryzen nilizotaja, vipande vinne vya DDR5 hushusha kasi na kuongeza uwezekano wa kompyuta kugoma kuwaka. Viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha ingia BIOS uwashe EXPO, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo umenunua kasi ya 6000 na unatumia 4800. Mara ya kwanza kuwasha, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa huku feni zinazunguka. Ubao unajifunza kuongea na RAM. Usizime! Wengi hukata umeme hapo, wakarudia, wakakata tena, mwisho wakarudisha ubao mzima dukani.

Diski haihitaji maajabu. Traki moja ya biti 24 kwa 48 kHz hula baiti 144,000 kwa sekunde, yaani megabaiti 8.64 kwa dakika. Bendi ya traki 16 kwa saa nzima haifiki gigabaiti 9. SSD yoyote ya leo hulimeza hilo bila kuhema, hivyo usilipie kasi ya kizazi kipya kabisa. Lipia ukubwa, na lipia mbili: moja ya mfumo na programu, nyingine ya miradi na maktaba za ala. Onyo moja tu, SSD za bei ya chini kabisa hupunguza mwendo vibaya zikikaribia kujaa, basi acha robo yake tupu. Nakala ya miradi ikae nje ya kompyuta, kwenye diski inayochomolewa.

Ukimya ndio sehemu ninayotaka uipe pesa, na sababu yake ni maiki. Rode NT1 ya kizazi cha 5 ina kelele yake yenyewe ya 4 dBA (desibeli kama sikio linavyozisikia), kiwango ambacho chumba chochote cha kuishi hukizidi mara nyingi. Maana yake ni kwamba maiki hiyo haikuletei kelele. Inakuletea ya chumba. Feni ya kompyuta iliyo mita moja na nusu kutoka kwenye kiti cha mwimbaji itakuwa kwenye kila traki, na ukiweka kompresa kwenye sauti itapanda kila anapovuta pumzi.

Feni inayokuja bure na 7600 inafanya kazi, lakini ni ndogo, na feni ndogo hulazimika kuzunguka haraka na kulia juu. Itoe. Weka hitsinki (kipoza prosesa) ya mnara kama Noctua NH-U12S yenye feni ya milimita 120. Ina urefu wa milimita 158, kwa hiyo soma kwanza kasha lako linapokea urefu gani. Kwa prosesa ya wati 65 hitsinki hii imezidi haja, na ndivyo tunavyotaka, kwa kuwa feni itaishi kwenye mizunguko 500 hadi 700 kwa dakika na hutaisikia. Ndani ya BIOS panga mstari wa feni ubaki tambarare mpaka nyuzi 65 hivi, ndipo upande taratibu, na weka kuchelewa kwa sekunde kadhaa kabla haijabadilika. Sikio huzoea mvumo wa chini usiobadilika. Linachokamata ni feni inayopanda na kushuka.

Kuhusu kasha, yale yaliyobandikwa sponji nzito kama Fractal Design Define 7 husaidia, ila si kama watu wanavyodhani: sponji hukata milio ya juu na kubana hewa, na hewa ikibanwa feni hukimbia. Kasha lenye nafasi na feni mbili kubwa za milimita 140 zinazozunguka polepole hufika pale pale. Pawa saplai ya wati 550 yenye daraja la 80 Plus Gold, aina ambayo feni yake husimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Kompyuta isiyo na kadi ya picha mara chache itavuka wati 150, hivyo feni hiyo karibu haitaamka.

Kama chumba cha pili kipo, kuna njia inayoshinda zote: itoe kompyuta nje. Waya wa USB 2.0 unaruhusiwa hadi mita 5, na kadi zote tatu ninazozitaja hapa chini zinafanya kazi juu ya USB 2.0. Kwa kadi inayokula umeme wa waya huo huo, chukua waya mnene. Mwembamba hupoteza volteji njiani na kadi huanza kujizima na kujiwasha unapobonyeza 48V, umeme ambao kadi hupeleka kwa maiki zinazouhitaji.

Neno kuhusu USB, kwa kuwa hapa matangazo huwachanganya watu. Chaneli 8 za biti 24 kwa 48 kHz ni megabiti 9.2 kwa sekunde. USB 2.0 ina 480. Kadi yenye USB ya zamani haikosi nafasi, na mdomo wa USB-C si ahadi ya kasi, ni umbo la plagi tu. Kinachotofautisha kadi ni draiva. Kwenye Windows draiva hiyo ni ASIO, mfumo ulioletwa na Steinberg mwaka 1997 ili programu iongee na kadi moja kwa moja badala ya kupita kwenye mixa ya Windows. Kadi isiyo na ASIO yake yenyewe, inayokuambia upakue ASIO4ALL, iache dukani. ASIO4ALL ni daraja la muda juu ya draiva ya Windows, na daraja halipunguzi mto.

Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha 4 ilitoka mwaka 2023, na ni bora kuliko iliyoitangulia kwa jambo moja linalosikika: geini, yaani uwezo wa kuikuza sauti ya maiki. Kizazi cha 3 kilikuwa na desibeli 56. Hiki kina 69. Kwa anayetumia maiki ya dainamiki, ambayo hutoa sauti hafifu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kurekodi na kuhangaika. Tundu za XLR, za waya wa maiki, zimehamia nyuma, za gitaa zimebaki mbele, na hedifoni zina kitufe chao cha sauti. Auto Gain husikiliza kwa sekunde 10 na kupanga kiwango. Inafanya vizuri ikiwa mwimbaji ataimba sehemu yenye nguvu kweli ndani ya sekunde hizo, na inakosea akiongea tu "moja mbili". Clip Safe hushusha geini yenyewe ikiona sauti inakaribia kupasuka. Itumie kwenye mazoezi, izime unaporekodi wimbo kwa dhati, kwa sababu ikishusha katikati ya ubeti, nusu ya kwanza na ya pili hazilingani tena na kompresa yako inapokea vitu viwili tofauti. Kitufe cha Air nacho huingia kwenye rekodi. Kinapendeza kwa gitaa la akustika, ila ukishakibonyeza hakiondoki. Hakuna tundu za MIDI, zinazopeleka noti za kinanda kwenye kompyuta. Mwenye kinanda cha zamani chenye MIDI ya pini 5 atahitaji kifaa cha pembeni.

MOTU M2 ndiyo kadi ninayompa mtu anayefanya kazi peke yake na Windows. Ina skrini ndogo inayoonyesha viwango vya kuingia na kutoka kwa rangi, na usidharau hilo: taa moja inayogeuka nyekundu hukuambia umeshachelewa, kipimo kinachotembea hukuambia unaelekea wapi. Ina MIDI kuingia na kutoka, 48V ya kila chaneli kwa kitufe chake, na swichi ya kuwasha na kuzima ambayo kadi nyingi za ukubwa huu hazina. Njia ya kutoka inatumia kigeuzi cha ESS Sabre32 chenye desibeli 120 za upana. Draiva yake ni nyepesi. MOTU wenyewe wanataja safari nzima ya milisekunde 2.5 kwa 96 kHz na bafa ya sampuli 32, na ingawa hutarekodi wimbo uliojaa plagini kwa bafa hiyo, kadi inayoweza kushuka mpaka pale hukaa imetulia kwenye 128. Udhaifu wake ni geini ya desibeli 60, na tundu zote mbili za kuingilia ziko mbele, kwa hiyo waya za maiki zitalala juu ya meza yako daima.

RME Babyface Pro FS ni ya tabaka jingine, na haiuzwi kwa wingi wa tundu. Unalipia draiva na TotalMix FX. TotalMix ni mixa inayoishi ndani ya kadi: mwimbaji anajisikia mwenyewe, pamoja na EQ, bila sauti hiyo kupita kwenye kompyuta, na EQ hiyo haiingii kwenye rekodi usipotaka. Hapo bafa yako inaweza kuwa 512, kompyuta ikapumzika, na mwimbaji bado akahisi yuko papo hapo. Ina geini ya desibeli 65, na tundu ya optiki ya ADAT ambayo siku ukitaka kurekodi ngoma inapokea priampu (vikuza sauti vya maiki) 8 za nje kwa waya mmoja wa optiki. Lawama yangu ni kwamba TotalMix ina madirisha na safu tatu za vitelezi, na anayeanza hupotea humo. Wiki ya kwanza sauti haitoki na kadi ni nzima, kitelezi kimoja tu kiko chini. Hifadhi mpangilio mmoja unaofanya kazi kabla hujaanza kugusa, urudi hapo ukipotea.

Nani achukue ipi? Mwenye maiki ya dainamiki yenye kiu na anayetaka kurekodi leo leo, Scarlett. Mwenye kinanda, gitaa na kompyuta ya Windows, M2. Anayerekodi watu wengine, si nafsi yake tu, na anayetaka kadi imzikie kompyuta tatu, Babyface. RME wana sifa ya kuendelea kutoa draiva mpya kwa vifaa vya zamani sana, na huo ndio urithi wenyewe.

Kuhusu maiki na geini, Shure SM7B ndiyo inayowaponza wengi. Hutoa millivolti 1.12 tu kwa paskali, na Shure wenyewe wanataka priampu yenye angalau desibeli 60 safi. Scarlett inaimudu. Babyface inaimudu. M2 inafika ukingoni, na kwa mtu anayeimba kwa kunong'ona haitoshi. Hapo weka Cloudlifter CL-1 kati ya maiki na kadi, inayoongeza hadi desibeli 25 kwa kutumia 48V ya kadi. Kabla ya kununua kiongezi hicho, sogea. Kutoka sentimita 30 hadi 8 unapata zaidi ya desibeli 10 bure, na chumba kinapungua kwa kiasi hicho hicho. SM57, iliyotoka mwaka 1965, bado ndiyo maiki ya kwanza ninayopendekeza kwa chumba kisichotibiwa. Maiki ya kondensa, kubwa na nyeti, husikia jirani, jokofu na bomba la maji, halafu mtu anailaumu kadi.

Panga geini hivi: mwimbaji aimbe sehemu ya kiitikio kwa nguvu zote, vilele vifike −10 dBFS (desibeli 10 chini ya kikomo cha kupasuka), wastani uzunguke −18. Biti 24 zina nafasi ya kinadharia ya desibeli 144, hivyo kurekodi "kwa moto" mpaka karibu na sifuri hakuongezi ubora wowote. Kunakuweka karibu na kupasuka, basi. Na baki kwenye 48 kHz. 96 kHz huongeza mara mbili ukubwa wa faili na mzigo wa prosesa, na faida yake kwa sauti ya mtu na gitaa ni ndogo mno kulinganisha na kusogeza maiki sentimita 5.

Baada ya kuunganisha, kabla ya kuweka plagini hata moja, pima. Pakua LatencyMon, funga kila kitu, iache ikimbie dakika 20. Itakutajia jina la draiva inayoishikilia prosesa. Ikiwa ni ndis.sys, tazama Wi-Fi: izime unaporekodi au tumia waya. Ikiwa ni nvlddmkm.sys, ni kadi ya picha ya Nvidia. Weka draiva mpya safi na katika mipangilio yake chagua utendaji wa juu kabisa wa umeme. Halafu kwenye Windows chagua mpango wa umeme wa utendaji wa juu, na zima kipengele kinachoruhusu Windows kulaza milango ya USB. Kama tak bado zipo, ndipo uingie BIOS ukajaribu kuzima C-state, yaani usingizi wa viini. Kompyuta itakula umeme zaidi ikiwa haifanyi kitu, kwa hiyo usianzie hapo. Chomeka kadi kwenye tundu la nyuma ya ubao mama. Tundu la mbele ya kasha lina waya mrefu ndani na mara nyingi hauna kinga, na habu ya USB iliyobeba kipanya, kamera na diski si mahali pa kadi ya sauti.

Mvumo kwenye spika una aina mbili, na dawa zake ni tofauti. Mvumo mzito usiobadilika wa 50 Hz au 60 Hz ni umeme wa ukutani unaozunguka kupitia waya wa ardhi: chomeka kompyuta, kadi na spika kwenye ekstensheni moja, na tumia waya za TRS au XLR, zile zenye balansi zinazofuta kelele, badala ya jeki za kawaida za mono. Mluzi mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya au dirisha ni kelele ya kompyuta yenyewe ikipanda kwenye waya wa ardhi wa USB hadi kwenye spika; waya zenye balansi huiondoa mara nyingi, na isipoondoka, weka DI mbili zenye transfoma (visanduku vinavyotenganisha umeme wa vifaa) kati ya kadi na spika. Usikate pini ya ardhi ya plagi kamwe. Mvumo utaisha kweli, na siku kifaa kikivujisha umeme, njia yake itakuwa midomo ya mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma.

Spika sitazikalia sana, kwa kuwa chumba kina sauti kubwa kuliko modeli. Yamaha HS5 ni wakweli katikati na hawabembelezi, lakini chini ya 60 Hz hivi huna budi kukagua besi kwa hedifoni. Kwa hedifoni, Sony MDR-7506 au Audio-Technica ATH-M50x. Zote zimefunga, hazimwagi sauti ya metronomu kwenye maiki. Ukichukua Beyerdynamic DT 770 Pro chagua ya omu 80, ya 250 hudai nguvu ambayo kadi ndogo hutoa kwa shida. Spika na kichwa chako vitengeneze pembetatu yenye pande sawa, na weka paneli za pamba ya mwamba za unene wa sentimita 10 kwenye kuta za kushoto na kulia pale ambapo kioo kingekuonyesha spika. Trei za mayai hazifanyi kazi. Ni nyembamba mno kumeza chochote chini ya milio ya juu, na zinashika moto haraka.

Makosa mawili hurudi kila mara kwa watu wanaoanza. La kwanza, mwimbaji anajisikia mara mbili: usikilizaji wa moja kwa moja wa kadi umewashwa, na kitufe cha kusikiliza cha traki ndani ya programu nacho kimewashwa. Chagua kimoja. La pili, wimbo unacheza polepole na kwa sauti ya chini, karibu nusu toni na nusu yake, kama mwimbaji amechoka: mradi uko 48 kHz na kadi imewekwa 44.1. Linganisha tarakimu hizo mbili kila unapofungua mradi, hasa kama kivinjari kilikuwa kinacheza video kabla yako.

Jaribio la mwisho linachukua dakika 5 na wengi huliruka. Zima 48V, chukua waya wa jeki, utoe kwenye tundu la kutokea la kadi uuingize kwenye tundu la kuingilia, zima usikilizaji wote usije ukatengeneza mlio wa kuzunguka, kisha cheza mdundo wa metronomu kwenye traki moja na uurekodi kwenye nyingine. Kuza picha ya mawimbi hadi uone sampuli moja moja. Mdundo uliorekodiwa unapaswa kukaa juu ya ule wa mwanzo. Ukiwa nyuma kwa sampuli 90, kwa mfano, draiva haiiambii programu ukweli wote. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu, tafuta fidia ya uchelewaji wa kurekodi, andika 90, kisha rudia. Fanya hivyo tena kila unapobadilisha kadi au toleo la draiva, kwa maana tofauti hiyo ndogo hujirudia kwenye kila traki unayoongeza, na kila mpigaji anasikika yuko nyuma ya mdundo kidogo.